Mbaazi za Hidaya na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na simaanishi zamani ya mazimwi na sungura, nasema zamani ya juzijuzi, ile ambayo nikifumba macho bado naisikia harufu yake, palikuwa na ghala la kubangulia korosho kule kwetu kusini. Nyinyi mnaochambua mchele endeleeni kuchambua, masikio hayana kazi. Na wewe Sharifu, mtu mzima na ndevu zako, toa mkono kwenye kapu! Nimesema kapu halifunuliwi mpaka hadithi iishe. Sababu yake utaisikia humu humu.

Basi. Ndani ya ghala hilo palikuwa na mabenchi, na kwenye kila benchi wanawake wanne, na mbele ya kila mwanamke debe lake. Kazi ilikuwa kugonga korosho, kutoa kiini, kutupa ganda. Mnaiona rahisi? Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma. Yakikuingia kwenye vidole, ngozi inababuka, na hata majivu uliyojipaka asubuhi hayafui dafu. Jioni msimamizi anapita na mizani. Debe likipungua, kesho usije. Hakuna maelezo, hakuna "nilikuwa naumwa." Usije.

Kwenye benchi la mwisho, karibu na dirisha, walikaa Bi Sikudhani, Bi Havijawa, Siwema, na mdogo wao wote, Hidaya. Mume wa Hidaya alikuwa kaenda Tanga kukata mkonge, akamwacha na mimba na nyumba ya udongo ya chumba kimoja. Hidaya aliamka jogoo la kwanza, akachota maji, akatembea mpaka ghalani. Getini alikuwapo Bi Mwanaidi na karai lake. Loo, maandazi ya Bi Mwanaidi! Yana iliki, yana nazi, ukiyashika bado yanapumua. Hidaya alinunua asubuhi, akanunua mchana, akateremshia chai ya rangi nzito. Jioni akirudi, mikono inawaka moto, kuni mbichi, anakoroga uji mweupe, anakunywa, analala. Ndiyo siku yake ile, na kesho yake ndiyo hiyo hiyo.

Siku moja akaanguka. Alikuwa anainuka kumwaga maganda, tuseme hivi, na hapo hapo chini puu! Wenzake wakamkokota mpaka zahanati. Muuguzi akamvuta kope la chini, akatazama, akakuta ndani peupe. Akasema, "Mwanangu, damu huna. Ukienda kwenye uchungu hivi, utapotea wewe au atapotea mtoto, au mtapotea wote. Kula mbaazi, kula kunde, kula majani, dagaa, matunda. Maandazi na chai ya rangi acha."

Hidaya akalia. Akasema, "Dada, mbaazi zinataka moto wa nusu siku. Mimi nitapika saa ngapi?"

Muuguzi akamwita anayefuata. Alikuwa na foleni mpaka nje.

Hidaya akarudi benchini, akakaa, akashika nyundo yake. "Nimeambiwa nitakufa," akawaambia wenzake, "nisipokula. Na kula kwenyewe kunataka kupika. Nitapika saa ngapi?"

Bi Sikudhani alikuwa mjane, hana mtoto, mwanamke wa maneno machache na ukali mwingi. Akaendelea kugonga korosho zake. Jioni alipofika kwake akachukua kapu lake kubwa la ukindu, lile la kubebea mahindi. Akatazama huku na huku, hana cha kulijazia. Kitandani palikuwa na mto mmoja, mto wa sufi, mto wa marehemu mumewe. Tangu mzee yule afe, Bi Sikudhani alikuwa anaulalia upande uliobonyezwa na kichwa cha mumewe, upande wake mwenyewe akauacha. Akauchukua mto ule. Akaupasua kwa kisu. Sufi yote akaitandaza ndani ya kapu, chini na pembeni, akaishonea kwa kanga kuukuu. Mbaazi alikuwa kaziloweka. Alfajiri akazichemsha kidogo tu, muda wa mtu kutawadha, kuswali na kuvaa, akaitia sufuria ndani ya kapu ikiwa inatokota, akafunika sufi juu, akafunika blanketi, akajitwika, akaenda kazini.

"Hizo zitaiva na moto gani?" wakamcheka.

"Na huo huo zilioondoka nao nyumbani," akajibu.

Sasa sikilizeni balaa la siku ya kwanza. Wanawake wa ghala zima walikuwa hawajaona mbaazi zinazoiva bila moto. Mmoja akaja, akafunua, akachungulia. "Bado!" Akafunika. Akaja mwingine. "Nami nione!" Akafunua. Akaja wa benchi la tatu, akaja wa benchi la tano, hata msimamizi akaja na mizani yake akachungulia. Kengele ya mchana ilipolia, mbaazi ngumu, kama vile zimetoka sokoni. Joto lote walilinywa kwa macho. Hidaya siku hiyo akashinda na andazi.

Umesikia, Sharifu? Haya.

Kesho yake Bi Sikudhani akaliweka kapu chini ya benchi, akalibana kwa miguu yake miwili kutwa nzima. Aliyeinama kuchungulia alipata kisigino. Na alikuwa akiimba chini chini, na mkono unagonga korosho:

"Joto ndani, mbaazi ndani, mkono wako nje!"

Kengele ikalia. Akafunua. Mvuke ukapanda mpaka darini, mbaazi laini, zimepasuka. Ghala zima likapiga vigelegele. Mama yangu aliniambia hajapata kusikia vigelegele kama vile, hata harusini kwake.

Lakini mbaazi tupu si chakula cha mtu mwenye damu haba. Bi Havijawa, huyu mnene, mcheshi, mwenye kucheka mpaka machozi, akauliza, "Na majani je?"

Hidaya akasema, "Sokoni mchicha unafika saa tatu, mimi niko huku. Nikitoka jioni umenyauka. Nitaununua saa ngapi, na nitaupika saa ngapi?"

Bi Havijawa alikuwa na asumini. Mji mzima uliijua. Nyuma ya bafu lake, pale maji ya kuogea yanapotokea, alikuwa na vichaka vya asumini vilivyopanda ukuta wote, na bibi harusi hakutolewa katika mji ule bila kikuba cha maua ya Havijawa. Mwenyewe alipita barabarani ananukia, watu wanajua kapita nani bila ya kugeuka. Na palikuwa ndipo mahali pekee penye unyevu katika kiwanja chake. Akaing'oa. Yote, mizizi na vyote. Akapanda matembele na mchicha. Matembele hayana maringo. Hazikupita siku nyingi yakaanza kutambaa. Kila alfajiri akachuma fungu, akaosha, akakata, akalileta limefungwa kwenye jani la mgomba. Mchana mbaazi zikifunuliwa zikiwa moto, anayatumbukiza, anafunika tena, kufumba na kufumbua yameiva na bado ya kijani. Juu yake anatupia dagaa wa kukaanga. Na baada ya chakula anamtolea Hidaya mfukoni bibo, lile tunda la mkorosho ambalo wanaume wetu wanalijua kwa kulikamulia pombe tu. "Tafuna," anamwambia. "Chai utakunywa mbinguni."

Watu wakamuuliza Bi Havijawa, "Asumini yako iko wapi?" Akacheka, akasema imehama. Lakini Siwema alimkuta siku moja kajificha nyuma ya bafu, ananusa udongo.

Basi chakula kipo. Muda je? Mapumziko ya ghala lile yalikuwa ya kumeza, si ya kutafuna. Hidaya akipakua, akila matonge mawili, macho yako kwenye debe. Debe lake lilikuwa linapungua kila siku, maana mtu asiye na damu hana mkono. Akaanza kuacha chakula nusu, anarudi kugonga. Wenzake wakamgombeza. Akasema, "Nikila, debe halijai. Debe lisipojaa, kesho siji. Nisipokuja, nitakula nini? Nitakula saa ngapi?"

Mnaona? Mwanzo alikosa saa ya kupika, sasa amekosa saa ya kula.

Siwema ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote ghalani. Na alikuwa msusi. Ijumaa jioni wanawake walipanga foleni mlangoni kwake. Akikusuka, mistari imenyooka, huhisi hata kuvutwa. Siwema akamwambia Hidaya, "Kula. Kula polepole kama bi mkubwa. Debe niachie mimi." Akawa anajaza la kwake, halafu kwa mkono wa kushoto anatupia la Hidaya, chini kwa chini, msimamizi asione. Alifanya hivyo miezi yote iliyobaki. Mafuta ya ganda yakamla vidole. Kucha zikang'oka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikapinda, havikunyooka tena. Ijumaa watu wakaja kusuka, Siwema akawaambia, "Nendeni kwa wengine." Wakaenda kwa wengine.

Mmefurahi? Mnadhani sasa Hidaya anakula? Thubutu! Mnamjua mwenye mimba nyinyi. Mwenzenu alikuwa anafika benchini kesha pita getini. Andazi moja la kwenda, andazi moja la kwapani. Mbaazi zinafunuliwa, matembele yanatiwa, Siwema anajibabua vidole, na bi mkubwa kashiba! Anaonja, anasukuma sahani. "Nimeshiba, dada zangu." Na benchini hakuna aliyejua kwa nini. Kope bado jeupe.

Asubuhi moja akafika getini, akanyoosha mkono. Bi Mwanaidi, ambaye habari za zahanati na za kapu zilishamfikia, akafunika karai.

"Kwangu huli andazi mpaka uzae."

"Nini?"

"Umesikia. Nenda kale mbaazi."

Ala! Hidaya akapandwa na hasira. "Pesa yangu si pesa?" Bi Mwanaidi akakishikilia kifuniko. "Una choyo wewe! Unamnyima mwenye mimba!" Na mnajua kwetu kumnyima mwenye mimba anachokitamani ni jambo gani. Watu wanasema mtoto hutoka na alama, wanasema mnyimaji hupatwa na chokea jichoni. Wanawake wakasimama getini wakasikia. Hawakuuliza. Wakamwona Hidaya analia, wakamwona Mwanaidi kafunika karai, basi, hukumu ikatoka. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenunua kwake. Andazi lake likalala, likawa gumu. Akakaa getini wiki, akakaa mwezi, kisha akabeba karai na mbuzi yake ya kukunia nazi, akalihama geti. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Na Hidaya, kwa njaa na kwa hasira, akaanza kula mbaazi. Akala na matembele. Akala na dagaa. Akatafuna bibo, maji yanamtiririka kidevuni. Akamaliza sahani akaomba tena. Shavu likajaa. Siku aliyorudi zahanati muuguzi alimvuta kope akakuta wekundu, akamwita mwenzake aje aone.

Uchungu ulimshika na mvua ya kwanza. Ulikuwa uchungu mrefu na damu nyingi ilimwagika. Mkunga alisema wazi wazi, "Angekuwa yule Hidaya wa mwanzo, leo tungeshona sanda." Lakini alikuwa na damu ya kumwaga na ya kubaki nayo. Akazaa mtoto wa kike. Mzima, mnono, ana sauti.

Sasa ndiyo tunafika. Kwetu mtoto anapewa jina siku ya saba. Ukimpa mtoto jina la mtu, umempa mtu huyo uhai wa pili. Wanakuwa somo. Mtoto atakuwa anamwita "somo yangu," atamchotea maji uzeeni, atamwombea akifa. Na kila utakapomwita mtoto aje ale, umemwita na yule. Jina ni moja na mtu ni mmoja.

Siku ya saba wakaja. Hidaya akawaambia, "Dada zangu, nataka mtoto awe somo wa aliyeniokoa. Semeni."

Bi Sikudhani akasema, "Mimi sina mtoto. Asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi nimebeba kapu. Bila joto langu, majani yangetiwa kwenye nini? Nililala shingo wazi, na mto wa mume wangu umepikia mbaazi. Jina ni langu."

Bi Havijawa siku hiyo hakucheka. Akasema, "Mbaazi zinashibisha, lakini waliokosa rangi hawarudishiwi rangi na mbaazi tupu. Majani ni yangu, bibo ni langu. Nimepita mji huu miaka yote nanukia, sasa napita kama upepo. Jina ni langu."

Siwema akanyoosha mikono yake, na vidole havikunyooka. "Chakula kisichopata wa kukila ni nini? Mlipika, mkachuma, kikawa kinapoa. Mimi ndiye niliyempa saa. Nawaulizeni, nani kati yenu alitoa kitu kwenye mwili wake? Jina ni langu."

Wakageuka. Na mlangoni wakamwona mtu kasimama, hajakaribishwa. Bi Mwanaidi.

Hidaya akasema, "Wewe! Umefuata nini?"

Bi Mwanaidi akasema, "Nimefuata swali lako. Umeuliza aliyekuokoa. Hao walikupa wakati hutaki kula. Uliweka shibe ya andazi langu tumboni, ukawarudishia sahani. Siku niliyokunyima ndiyo siku uliyoanza kula. Wahenga walisema akunyimaye kunde amekupunguzia mashuzi. Mimi nilikunyima andazi nikakuongezea damu. Hao walitoa, wakasifiwa. Mimi nilinyima, nikatukanwa, nikapoteza geti langu. Anayekupa ana raha ya kutoa. Mimi nilipata raha gani? Jina ni langu."

Mama yangu, maana Hidaya ndiye mama yangu, mlishajua, aliniambia alishikwa na aibu mpaka akajifunika ukaya. Miezi yote ile alikuwa amemchukia mtu huyo. Akafungua mdomo aseme jina. Hakuna ajuaye angesema lipi, hata yeye mwenyewe hakujua, aliapa.

Maana hapo hapo uani ikasikika fimbo. Bibi mzaa baba, katoka kijijini, na kuku kwapani. Akaingia bila hodi, akamchukua mtoto, akamgeuza geuza, akasema, "Mtoto wa mwanangu anaitwa Kuruthumu, kama mimi. Maji ya kuoga yako wapi?"

Nani angembishia mkwe? Basi ndiyo maana mimi ni Kuruthumu, jina refu kuliko aliyepewa. Wanawake wanne wakatazamana, wakameza mate, wakapiga vigelegele vya adabu.

Mama hakupata mtoto wa kike tena. Kila akipika mbaazi alikuwa akisema, "Nimekaa na jina la watu." Nilikua nikiwaona wote wanne. Nakumbuka Bi Sikudhani akilala na mkono chini ya shingo. Nakumbuka Siwema akinishika shavu kwa vidole vile vilivyopinda, na Bi Mwanaidi akinipa andazi, mimi peke yangu, halafu anageuza uso. Wamekwenda mmoja baada ya mmoja. Ghala halina paa siku hizi, popo wanatoka na kuingia. Natamani, jamani, natamani nisikie vile vigelegele mara moja tu.

Mimi nami nilizaa wanaume, na Nasra. Nasra jina alipewa na baba yake kabla sijatoka hospitali, nikalia kimya kimya. Na Nasra, mnamjua, msichana wa mjini, kutwa ofisini, jioni chipsi kwenye mfuko. Alipopata mimba nikampigia simu, nikamwambia kula mbaazi, kula majani. Mnajua alinijibu nini? "Mama, nitapika saa ngapi?"

Nilikaa chini nikacheka, halafu nikalia. Siku ile ile nikampelekea kapu.

Kapu lenyewe ndilo hili. Sufi ndiyo ile ile, mto ni ule ule. Mama aliachiwa na Bi Sikudhani, mimi nikaachiwa na mama. Nasra kapikia humu miezi yote. Mbaazi anaziacha asubuhi, anazikuta jioni. Na matembele alipanda kwenye ndoo mbovu dirishani. Kazaa salama, mtoto wa kike huyo amelala chumbani, na kesho ndiyo siku ya saba. Nasra ana jina lake kwenye simu, la kizungu, silitaki kulisikia. Baba wa mtoto kaniambia, "Mama, chagua wewe." Na mkwe mwenye fimbo safari hii hayupo. Mkwe mwenye fimbo ni mimi.

Msiniambie apewe yote manne. Mtoto si mkungu wa ndizi. Na msihongwe na kapu kwa kuwa mnaliona hapa linafuka. Asumini hamwezi kuiona. Vidole vya Siwema viko mchangani. Na aliyenyima hakuacha chochote cha kushika mkononi.

Sharifu, lete sahani. Mbaazi zimeiva, nazisikia. Lakini mkono wangu uko juu ya kifuniko na hautoki mpaka mnijibu, maana kesho asubuhi nitamwita mtoto yule kwa jina, na watatu watabaki bila wa kuwaita. Yupi alimwokoa mama yangu? Je, nani alistahili?